Herufi, mchujo au maneno: njia ipi ya kulinganisha hoja kwenye mtihani wa mantiki?

Kuna swali moja la mantiki linalowatoa watu jasho kuliko mengine. Unapewa hoja fupi, chini yake zimepangwa hoja nyingine tano, halafu unaulizwa ni ipi iliyojengwa kama ile ya juu. Huulizwi kama hoja ni ya kweli, wala nini kinaidhoofisha. Unaulizwa umbo lake tu.

Anayejiandaa na LSAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, hawezi kulikwepa. Agosti 2024 mtihani huo uliondoa sehemu ya michezo ya mantiki, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja. Kila sehemu ina dakika 35 na maswali kama 25, yaani hata dakika moja na nusu kwa swali hufikishi. Swali la kulinganisha linakutaka usome hoja sita ndani ya muda huo. Wanaojiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi shule za biashara, au na usaili wa mchujo wa kazi, nao wanafaidika na zoezi hili hata kama swali lenyewe halitokei kwa sura hiyo hiyo.

Vijana ninaosoma nao jioni huku Malimbe, Mwanza, wana njia tatu kubwa, na kila mmoja anatetea ya kwake kama shabiki wa Pamba Jiji anavyotetea timu. Nimeamua nizipitishe zote kwenye swali moja ili tuone ipi inashika nini na ipi inaachia nini.

Swali lenyewe hili hapa:

Kila dagaa wanapovuliwa kwa wingi, bei ya dagaa soko la Mwaloni hushuka. Wiki hii bei haikushuka. Kwa hiyo wiki hii dagaa hawakuvuliwa kwa wingi.

Majibu:

1. Kila dagaa wanapokuwa wengi, wachuuzi huongezeka Mwaloni. Leo dagaa si wengi. Kwa hiyo leo wachuuzi hawakuongezeka.

2. Kila mvua inaponyesha usiku, njia ya kupanda kwetu huwa na tope asubuhi. Asubuhi hii kuna tope. Kwa hiyo usiku mvua ilinyesha.

3. Pantoni haijachelewa, maana getini hakuna abiria waliorundikana, na kila inapochelewa abiria hurundikana getini.

4. Kila mwalimu anapougua, kipindi huahirishwa. Kipindi cha leo hakikuahirishwa. Kwa hiyo huenda mwalimu hakuugua.

5. Kila duka lile linapofungwa, taa ya nje huzimwa. Duka limefungwa. Kwa hiyo taa ya nje imezimwa.

Njia ya herufi

Unaondoa maneno na kubakiza alama. Dagaa wengi waite D, bei kushuka iite B. Mshale unasomeka "likiwepo hili, lazima liwepo lile". Hoja ya juu inakuwa: D → B, si B, kwa hiyo si D. Halafu unafanya hivyo hivyo kwa kila jibu.

Faida yake inaonekana papo hapo. Jibu la 1 linavutia kwa sababu nalo lina dagaa na Mwaloni, lakini ukiliandika kwa herufi linasema: sharti halipo, kwa hiyo matokeo hayapo. Umbo hilo ni jingine, na isitoshe ni bovu, kwa sababu wachuuzi wanaweza kuongezeka kwa jambo lingine kabisa, tuseme wanunuzi wa kutoka Kongo wameingia sokoni siku hiyo. Jibu la 2 nalo linageuza mshale: tope lipo, kwa hiyo mvua ilinyesha. Pengine ni bomba limepasuka. Jibu la 5 ni hoja nzima isiyo na kosa, ila inakwenda mbele (sharti lipo, basi matokeo yapo), wakati yetu inarudi nyuma. Na jibu la 3, ambalo limeanza na hitimisho na kumalizia na kanuni, herufi zinalipanga upya bila taabu (K ni kuchelewa, R ni kurundikana): K → R, si R, kwa hiyo si K. Mpangilio wa sentensi si sehemu ya umbo. Watunzi wa mitihani wanajua kwamba wengi hatulikumbuki hilo tukiwa na haraka, na ndiyo maana wanapenda kulificha jibu sahihi kwa kulipindua hivyo.

Kwa hiyo herufi zimeondoa la 1, la 2 na la 5. Zimebaki hoja mbili, na hapo ndipo mtu wa herufi anapokwama: la 3 na la 4 kwenye karatasi yake ya rafu zinafanana kabisa. Neno "huenda" halina herufi. Limepotea pale alipokuwa anafupisha.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi kwa sababu hauonekani. Herufi zina manufaa endapo mshale umeuelekeza sawa, na kuna sentensi zinazoupotosha. Chukua hii: "Huingii kwenye pantoni mpaka uwe na tiketi." Wengi wanaandika tiketi → kuingia. Si hivyo. Unaweza kuwa na tiketi na pantoni ikajaa ukabaki Kamanga umeshika tiketi yako. Sentensi inachosema ni kwamba aliyeingia ana tiketi: kuingia → tiketi. Sentensi zenye "mpaka", "bila", "isipokuwa" na "pale tu" zote zina mtego huo, na kwenye karatasi ya Kiingereza mtego ni ule ule. Ukikosea mshale wa kwanza, kazi yote safi inayofuata inakupeleka kwenye jibu ambalo mtunzi aliliweka likusubiri.

Mchujo wa hitimisho

Hapa huandiki kitu. Unasoma hoja ya juu, unaliangalia hitimisho lake peke yake, unajiuliza maswali machache. Lina uhakika au lina "huenda"? Linamsema mmoja, baadhi, au wote? Linaeleza jambo lilivyo, au linashauri linavyopaswa kuwa? Linatabiri? Linalinganisha vitu viwili? Kisha unapita kwenye mahitimisho ya majibu matano na kufuta yasiyolingana, bila kusoma yaliyobaki ya hoja hizo.

Kwenye swali letu la dagaa, mchujo unafuta jibu la 4 mara moja. Hoja ya juu inasema kwa uhakika, ya 4 inasita. Imekwisha. Lakini unabaki na manne, kwa sababu mahitimisho ya 1, 2, 3 na 5 yote yana uhakika na yote yanasema jambo limetokea au halikutokea.

Utajaribiwa kufuta la 2 na la 5 kwa kuwa yanakubali ("ilinyesha", "imezimwa") wakati la juu linakana. Usifanye hivyo. Kukana kwa maneno kunadanganya: "pantoni haijachelewa" na "pantoni imewahi" ni habari moja iliyovaa nguo mbili, na mtunzi anaweza kukupa jibu sahihi lisilo hata na "si" moja. Chuja kwa nguvu ya hitimisho, kwa upana wake na kwa aina yake. Kukana na kukubali kuache.

Hadi hapa mchujo unaonekana dhaifu, na kwa swali hili ni kweli. Ila tazama kilichotokea: jibu pekee lililofutwa na mchujo ndilo ambalo herufi zilishindwa kulifuta. Ndiyo sababu mjadala wa "ipi bora" unaoendelea pale kijiweni hauishi.

Mchujo unang'aa kwenye hoja za aina nyingine. Mfano: "Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 idadi ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ilikuwa imeporomoka. Kwa hiyo ziwa lolote litakaloingizwa samaki mgeni anayekula wenzake litapoteza samaki wake wa asili." Hitimisho linasema ziwa lolote. Sasa pita kwenye majibu. Moja linamalizia na "serikali inapaswa kuzuia": huo ni ushauri, futa. Moja linamalizia na "kwa hiyo Ziwa Tanganyika lina...": linasema ziwa moja, futa. Moja linasema "pengine mitaa mingi": futa. Linabaki: "Mtaa mmoja wa Nyegezi uliwekewa taa za barabarani, wizi ukapungua. Kwa hiyo mtaa wowote utakaowekewa taa, wizi utapungua." Hujaandika herufi hata moja. Na ukijaribu kuandika, utajikuta unauliza S ni nini hapa, sangara au samaki mgeni yeyote, na saa inakwenda.

Kuna mchujo mwingine wa bure uliomo kwenye swali lenyewe. Baadhi ya maswali haya husema wazi kwamba hoja ya juu ina kosa, na yanataka yenye kosa lile lile. Ukiona hivyo, jibu lolote lililo hoja nzuri isiyo na kosa linaondoka, hata kama linafanana namna gani. Swali likikaa kimya kuhusu kosa, kwa kawaida hoja ya juu ni nzima, na majibu yenye nyufa ndiyo yanayoondoka. Nashangaa ni wangapi wanaruka mstari huo wa swali ili wakimbilie kwenye hoja.

Njia ya maneno

Mtu wa njia hii anasoma hoja, anafumba macho, anaisema kwa sentensi moja isiyo na dagaa, pantoni wala sangara. Hoja ya sangara: "kisa kimoja kimegeuzwa kanuni ya wote." Hoja ya dagaa: "jambo linakataliwa kwa uhakika kwa sababu ishara ambayo lazima lingeiacha haipo."

Kwa hoja zisizo na "ikiwa" wala "kila", naichagua hii kuliko herufi bila kusita. Sikiliza: "Mama lishe wa Igoma alipandisha bei ya sahani ya wali mwezi uliopita. Mwezi huo huo kibanda kingine kilifunguliwa ng'ambo ya barabara. Wateja wake wamepungua. Kwa hiyo bei ndiyo iliyowafukuza." Herufi zitakuambia P, K, W, kwa hiyo P imeleta W, na utabaki unazitazama. Maneno yanakwambia: "kuna mambo mawili ambayo yote yangeweza kuwa sababu; moja limechaguliwa na la pili halikuguswa." Ukiwa na sentensi hiyo, jibu la mgonjwa aliyebadili chakula na kuanza dawa wiki ile ile, kisha akasema kilichomponya ni chakula, linajitokeza lenyewe.

Ubaya wake ni ulegevu. Watu wawili wanaweza kuisema hoja moja kwa sentensi mbili tofauti, zote zikasikika sawa, moja ikaacha kipande muhimu. Mtu aliyechoka akisema kuhusu hoja ya dagaa "kitu hakipo kwa sababu kingine hakipo", ameshabariki jibu la 1, la 3 na la 4 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo sentensi yako lazima ibebe neno la nguvu (kwa uhakika, pengine, baadhi, wote) na ionyeshe nini kimetumika kuthibitisha nini. Mtihani uko kwa Kiingereza, ndiyo, lakini sentensi hii ya kichwani iseme kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria nacho. Hakuna msimamizi anayesikiliza.

Na miduara?

Wapo wanaochora miduara, ile iliyopewa jina la John Venn aliyeieleza mwaka 1880. Kwa hoja za "wote", "baadhi" na "hakuna" ni safi. "Wavuvi wote wa kambi ile wana leseni, baadhi ya wenye leseni ni wanawake, kwa hiyo baadhi ya wavuvi wa kambi ile ni wanawake." Ukichora tu, unaona duara la wanawake linaweza kugusa duara la leseni bila kufika kwa wavuvi wa kambi, na kosa liko wazi.

Likija neno "wengi", maana yake zaidi ya nusu, miduara inakuacha njiani, kwa kuwa mchoro hauonyeshi nusu iko wapi. Hapo tumia watu kumi. "Wengi wa wabebaji wa soko lile wanaishi Kirumba, na wengi wa wabebaji hao wana simu janja, kwa hiyo wapo wakazi wa Kirumba wenye simu janja." Weka wabebaji kumi: angalau sita Kirumba, angalau sita wenye simu. Sita na sita ni kumi na mbili, watu ni kumi, lazima angalau wawili wawe na vyote. Hoja ni nzima. Lakini badilisha kidogo: "Wengi wa wabebaji wanaishi Kirumba, na wengi wa wakazi wa Kirumba wana simu janja, kwa hiyo wapo wabebaji wenye simu janja." Wakazi wa Kirumba ni maelfu, na wabebaji sita wanaweza wote kuwa miongoni mwa wasio na simu. Hoja imekufa. Kilichobadilika ni kwamba "wengi" wa pili si wa kundi lile lile. Mtunzi anapenda kuweka moja juu na nyingine kwenye majibu, na kwa macho ya haraka ni pacha.

Sasa uchague nini

Mimi naanza na mchujo kwa kila swali, hata lile linaloonekana la herufi. Gharama yake ni ndogo: unasoma mahitimisho matano tu. Likibaki jibu moja, lisome lote uhakikishe, kisha songa mbele. Yakibaki mawili au zaidi, tazama hoja ya juu imejengwa kwa nini. Kama ni "ikiwa", "kila", "mpaka", "bila", andika herufi, tena kwa majibu yaliyobaki peke yake. Kama ni sababu, mfano, ulinganisho au kisa kimoja, tumia sentensi ya maneno. Miduara na watu kumi viwe mfukoni kwa ajili ya "baadhi" na "wengi".

Wale waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) wananigomea hapa kila mara. Herufi wanazipenda, na kwa kweli wanaziandika vizuri, ila wanaziandika kwa hoja zote sita, hata zile ambazo hitimisho lake peke yake lingetosha kuzitupa. Kwao ningesema mchujo uwe sheria, si hiari. Waliosoma HGL (historia, jiografia na lugha) wana tatizo la upande wa pili: sentensi zao za maneno ni tamu na zinakubali kila kitu. Hao wajifunze mishale, angalau maumbo yale manne ya sharti na matokeo (ya majibu ya 1, 2, 3 na 5), mpaka wayatambue bila kuandika.

Mtihani wenyewe nao unaamua. Kwenye LSAT unaweza kuruka swali na kulirudia ndani ya sehemu hiyo hiyo, na jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Kwa hiyo swali refu la kulinganisha liache, maliza mengine, rudi, na dakika zikikuishia jaza lolote. Kwenye GMAT ya sasa huendi swali la pili bila kujibu la kwanza, na mwishoni mwa sehemu unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu. Huko mchujo ndio utakaokuokoa: futa unachoweza, chagua kati ya yaliyobaki, weka alama ya kurudi kama unaona kuna haja, endelea.

Yakibaki mawili na yote yanaonekana sawa, geuza kanuni iwe mshale kabla hujabahatisha. Tuseme kwenye swali la dagaa kungekuwa na jibu hili mahali pa lile la pantoni: "Hakuna anayepata kitanda hosteli bila kujaza fomu. Jirani yangu hakujaza fomu. Kwa hiyo hakupata kitanda." Kwa sikio halifanani na dagaa hata kidogo: halina "kila", na limeanza kwa kukana. Kwa njia ya maneno pengine ungelipita. Liandike: kitanda → fomu, si fomu, kwa hiyo si kitanda. Ni D → B, si B, si D. Lichague.